JINA LA UKOO HUZALIWA MEZANI PA KARANI

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Lodwar mbele ya wazee, walimu, makarani na vijana wa shule, baadhi yao wakiwa wamefika kutoka Kakuma

Niliombwa niseme nanyi juu ya majina ya ukoo ya Waingereza: yametoka wapi, na yamesafirije hata yakaenea duniani. Huenda mmoja wenu akauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi wachunga mifugo wa Turkana?" Yatuhusu sana, nami nitaeleza kwa nini.

Siku chache zilizopita alinijia kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na karatasi tatu mkononi. Katika cheti chake cha shule ameandikwa Ekiru, na jina la baba yake likifuata. Katika kitambulisho ameandikwa Ekeru, na nyuma yake jina la babu. Katika cheti cha kuzaliwa jina la babu limetangulia na lake limekuwa la mwisho. Kijana alipata nafasi ya kazi, lakini mwajiri akamwambia, "Hawa ni watu watatu. Wewe ni yupi?" Akaniuliza, "Baba, mbona Mwingereza ana jina moja la ukoo tangu babu hata mjukuu, nasi hatuna?"

Nilimjibu kwamba Mwingereza hakuzaliwa nalo, na kwamba sisi hatukukosa. Leo nataka kuyathibitisha maneno hayo mawili.

WAINGEREZA WALIVYOPATA MAJINA YAO

Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu, alilopewa utotoni. Kijijini palikuwa na John wengi, na ili kuwatofautisha watu walisema John mhunzi, au John wa kilimani, au John mwana wa Robert, au John mwenye nywele nyekundu. Hizo ndizo njia kuu nne za majina ya ukoo ya Kiingereza: kazi, mahali, baba, na sifa ya mtu. Smith ni mhunzi. Taylor ni mshonaji wa nguo. Hill ni kilima. Johnson ni mwana wa John. Armstrong ni mtu mwenye mkono wenye nguvu.

Lakini majina hayo hayakurithiwa mara moja. John mhunzi akimzaa Thomas mwoka mikate, mtoto aliitwa Baker, wala si Smith. Kila kizazi kilikuwa na jina lake. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuishinda Uingereza mwaka 1066, mabwana wakubwa wenye milki walianza kushika jina moja la kurithi, kwa kuwa walitaka ijulikane kwamba ardhi ni yao na ya watoto wao. Watu wa chini walifuata polepole katika muda wa miaka mingi. Kufika mwaka 1400 hivi, Waingereza walio wengi walikuwa na majina ya kurithi.

Nani aliwasukuma? Karani. Mwenye ardhi alitaka kuandikiwa hati, mahakama ilitaka kumjua mshitakiwa, na Serikali ilitaka kodi. Katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 ilitozwa kodi ya kichwa nchini Uingereza, na makarani wakaandika orodha za watu. Wazee wetu walioijua kodi ya kichwa hapa Kenya watacheka wakisikia kwamba Waingereza wenyewe waliichukia hata wakaasi mwaka 1381. Kiongozi wa maasi hayo aliitwa Wat Tyler, na Tyler maana yake ni mwezekaji wa vigae. Tena mwaka 1538, zamani za Mfalme Henry wa Nane, kila kanisa liliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mtu akaandikwa alipozaliwa, alipooa na alipokufa, na jina likazidi kushikamana na nyumba.

Kwa hiyo jina la ukoo la Mwingereza lilitoka katika midomo ya majirani, lakini lilikazwa na kalamu ya karani. Kama asingelikuwako mtu wa kuandika, lingeendelea kubadilika.

SAFARI YA JINA MOJA

Sasa nitalifuata jina moja tu, tuone jinsi jina linavyosafiri. Jina hilo ni Washington.

Kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Sunderland, pana mji uitwao Washington, uliokuwa milki ya zamani. Karibu na mwisho wa karne ya 12, bwana mmoja aitwaye William aliipata milki hiyo. Kabla ya hapo aliitwa kwa jina la mahali pengine, William wa Hertburn. Alipohama, jina nalo likahama: akaitwa William wa Wessyngton, na watoto wake wakalichukua. Angalieni jambo hili: jina maarufu namna hii lilianza kwa mtu kubadilisha makao.

Mmoja wa wazao wake, Lawrence Washington, mfanya biashara ya sufu, alinunua milki ya Sulgrave, katikati ya Uingereza, mwaka 1539. Baadaye vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mzao mwingine wa jina hilo, aliyekuwa kasisi, akaondolewa katika kanisa lake mwaka 1643. Mwanawe John alikwenda kutafuta maisha baharini, akafika Virginia, Marekani, katika miaka ya 1656 na 1657, akaoa huko, wala hakurudi kukaa kwao. Kitukuu chake ni George Washington, aliyezaliwa mwaka 1732, akawa Rais wa kwanza wa Marekani tangu 1789 hata 1797. Mji mkuu wa nchi ile ukapewa jina lake. Basi jina la kijiji cha Uingereza likawa jina la mji mkuu ng'ambo ya bahari.

Lakini safari haikwisha hapo, na sehemu inayofuata ndiyo ninayopenda mwikumbuke zaidi.

George Washington alikuwa na watumwa. Alipokufa mwaka 1799 shambani kwake palikuwa na watumwa 317. Watumwa wa Marekani, ambao wazee wao walitekwa Afrika, mara nyingi waliandikwa katika daftari za mabwana kwa jina moja tu, kama mifugo. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu waliokuwa huru ilibidi waandikishwe kwa majina kamili, nao wengi wakajichagulia.

Mmoja wao alikuwa mtoto aitwaye Booker, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856. Alipoingia shule kwa mara ya kwanza, alisikia mwalimu akiita majina ya wanafunzi, na kila mmoja alikuwa na majina mawili au zaidi. Yeye alikuwa na moja. Zamu yake ilipofika, akajibu kwa utulivu, "Booker Washington." Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Mtoto yule akawa Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyeanza kuiongoza shule ya Tuskegee mwaka 1881.

Walikuwako wengine wengi walioshika jina hilohilo. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2000, watu wenye jina la ukoo Washington walikuwa wapatao 163,000, na katika kila mia moja, tisini walikuwa Wamarekani weusi. Jina lililotoka kijiji cha Uingereza leo ni la watu ambao babu zao wengi walitoka Afrika. Mtu akikutana na Bwana Washington, akadhani kwa jina tu kwamba anaijua damu yake, amejidanganya. Jina humwonyesha mtu njia ambayo familia ilipita, na meza ambayo mtu alisimama mbele yake akaulizwa, "Nani wewe?"

JE, WATURKANA HAWANA JINA LA UKOO?

Turudi nyumbani. Kwetu mtoto hupewa jina kwa mambo yaliyokuwapo alipozaliwa, au kwa kumkumbuka mtu au kitu. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Ekiru au Lokiru, na msichana Akiru au Nakiru. Wengine huitwa kwa miti ituwekayo hai: Ewoi ni mgunga, Esekon ni mti wa mswaki. Mwanamume akikua hupata pia jina la fahali wake ampendaye, akasifiwa kwalo ngomani.

Karani akija, huandika jina la mtoto na kufuatisha la baba. Tuseme Ewoi amezaa Ekiru, naye Ekiru amezaa Esekon. Mwana ataandikwa Ekiru Ewoi, na mjukuu Esekon Ekiru. Jina la Ewoi limekwisha toweka katika kizazi cha tatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa John mhunzi na Thomas mwoka mikate. Hatuna upungufu ambao Waingereza hawakuwa nao.

Lakini nasema tena kwamba lipo jina letu lisilotoweka. Kila Mturkana ana emachar. Mtoto huirithi kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa babu. Na mwanamke akiolewa huingia katika emachar ya mumewe, kama vile mke wa Kiingereza alivyozoea kuchukua jina la mume. Neno emachar lina maana mbili: ni ukoo, na ni chapa ya moto itiwayo katika mifugo. Mwingereza aliandika jina la ukoo wake katika daftari la kanisa. Mturkana aliliandika katika ngozi ya ng'ombe na ngamia. Mifugo ikipotea umbali wa siku tano, aionaye husoma chapa na kujua ni ya watu gani. Kama hiyo si kazi ya jina la ukoo, basi kazi yake ni nini?

Hata masimulizi ya kuja kwetu huanza kwa nyayo za mnyama. Wazee husema kwamba watu wa Jie, ambao leo wako upande wa Kotido nchini Uganda, walipotewa na fahali. Vijana wakafuata nyayo zake wakiteremka bonde la Tarach, wakamkuta mwanamke mzee, Nayeche, akiokota matunda ya mwituni, naye fahali yuko pamoja naye. Akawaonyesha nchi yenye malisho. Wakarudi kuwaita wenzao wavulana na wasichana, wakaja na ng'ombe, wakakaa. Kilima cha Moru Anayeche chalihifadhi jina la mama huyo hata leo, na mto Tarach ndio upitao Kakuma. Wanahistoria waliowasikiliza wazee hukisia kwamba mambo hayo yalikuwa kiasi cha miaka 300 iliyopita. Nao Wajie, Wakaramojong, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia ni ndugu zetu wa lugha.

KARANI ALIPOFIKA KENYA

Meza ya karani ilifika nchini mwetu kwa ukali. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1919 na 1920, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi aandikishwe, atiwe alama za vidole, na aichukue karatasi yake katika kikebe cha chuma, ambacho wengi walikitundika shingoni. Karani aliandika kama alivyosikia, na mtu hakuwa na njia ya kukataa. Majina mengi yaliharibika siku ile.

Wengine walijifanyia jina wenyewe. Hapa Lodwar mnamjua mmoja. Jomo Kenyatta aliletwa hapa kutoka Lokitaung mwaka 1959, akakaa kizuizini hata Aprili 1961, alipohamishwa Maralal. Utotoni aliitwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka 1914 akawa Johnstone Kamau. Baadaye akajiita Kenyatta, jina ambalo husemwa latokana na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Na kitabu chake kilipotoka mwaka 1938 kilimtaja kuwa Jomo. Hakuna jina lolote katika hayo mawili ya mwisho alilorithi kwa baba. Lakini watoto wake walilirithi Kenyatta, na mwanawe Uhuru akawa Rais wa Kenya tangu 2013 hata 2022. Basi jina la ukoo lilizaliwa mbele ya macho ya wazee wetu, kama lile la William wa Wessyngton.

MEZA YA KAKUMA

Tangu mwaka 1992, Kakuma imekuwa na meza kubwa kupita zote nilizozitaja. Mwaka ule ilifunguliwa kambi ya wakimbizi, na wa kwanza walikuwa vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, wengi hawana wazazi. Baada yao wamekuja Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine. Kila mmoja alisimama mbele ya meza akaulizwa jina, jina la baba, jina la babu, na siku ya kuzaliwa. Waliokuwa hawaijui siku yao, wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari.

Fikirini shida ya majina. Mdinka hutaja jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Tuseme baba ni Deng Garang Majok. Mwanawe atakuwa Akol Deng Garang. Wakifika nchi za ng'ambo, afisa ataangalia jina la mwisho: huyu ni Majok, yule ni Garang. Atauliza, "Hawa ni baba na mwana kweli?" Kwa desturi ya Kidinka majina hayo mawili ndiyo ushahidi hasa kwamba ni baba na mwana. Kwa macho ya karani wa Kizungu ni sababu ya shaka. Na shaka hiyo yaweza kumchelewesha mtoto kumfuata mzazi wake.

Hata hivyo majina yaliyopita mezani Kakuma yamefika mbali. Mtoto ambaye wazazi wake walimwita Lopepe aliishi kambini muda wa miaka 10, akaenda Marekani mwaka 2001, na dunia ikamjua kama Lopez Lomong. Mwaka 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki, Beijing. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi iliongozwa na mbeba bendera Rose Nathike Lokonyen, naye alitoka Kakuma. Lomong na Lokonyen sasa ni majina ya ukoo mbele ya dunia nzima, kama Washington. Hakuna ajuaye wajukuu wao watazaliwa nchi gani, wala watalitamka jina hilo kwa sauti gani.

JIHADHARINI NA MAANA ZA KUBUNI

Kabla sijamaliza, neno moja la tahadhari. Maana za majina huvutia watu kubuni. Katika maandishi kadha wa kadha ya wageni mtasoma kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Ninyi nyote hapa mwajua Kiswahili. Nani amepata kulisikia neno hilo? Halipo. Lakini limeandikwa, likanakiliwa, na leo laaminiwa mbali. Watu walikuwa wakinywesha mifugo Tarach kabla mwandishi yeyote hajasema kwamba hapo si mahali. Ndivyo ilivyo kwa majina ya ukoo pia: msikubali maana ya jina lenu kutoka kwa mtu asiyekuwa na lugha yenu. Waulizeni wazee.

YATUPASAYO

Sasa ninyi mliokuja na karatasi zenu, nawapa mashauri manne.

Kwanza, chagueni mpango mmoja wa majina na kuushika: jina la mtoto, la baba, la babu, kwa taratibu ileile na kwa herufi zilezile, tangu cheti cha kuzaliwa hata cheti cha shule na kitambulisho. Mkiona kosa, lisahihisheni upesi kwa hati ya kiapo, mtoto akiwa bado mdogo. Kosa la herufi moja ni jepesi likiwa changa. Likikua huwa na meno.

Pili, familia ikitaka jina la babu mmoja liwe la wote, kama walivyofanya Waingereza, si aibu. Lakini wazee wakae, wakubaliane ni babu yupi, na nyumba zote za ndugu ziandike hivyo. Lisiachwe lichaguliwe na karani mwenye haraka.

Tatu, nunueni daftari. Andikeni humo majina ya baba, babu na baba wa babu, kwa kadiri wazee wakumbukavyo. Andikeni na majina ya mama zao. Andikeni emachar yenu, na mchore chapa yake. Emachar haimo katika kitambulisho. Ng'ombe wakimalizwa na ukame, na vijana wakihamia mjini, itasomwa wapi? Mzee mmoja akifa bila kuulizwa, ametuzikia daftari zima.

Nne, nasema nanyi makarani. Mtu akitaja jina lake, liandikeni, kisha msomeeni kwa sauti aseme kama ndilo. Ni kazi ya nusu dakika. Jina mliandikalo leo laweza kubebwa na watu miaka mia nane ijayo, kama lile la kijiji kidogo cha kaskazini ya Uingereza.

Yule kijana wa karatasi tatu amekwisha kwenda kuapa kwa hati, na babu yake alikwenda naye kushuhudia. Nilimwuliza babu ni lipi jina la kweli la mjukuu wake. Mzee hakuitazama karatasi hata moja. Alisema, "Ni Ekiru. Mvua ilinyesha usiku ule, nami nilikuwapo."